Siku ya Mawingu Utamwita Nani?

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni muuza kahawa mwenyewe, mwaka ule mtoto alipoanza darasa la kwanza. Walioisimulia baada yake wameongeza chumvi tu. Kijiwe cha wateja wake kilikuwa benchi moja refu nje ya duka la kinyozi. Upande mmoja kulikuwa na birika juu ya mkaa, na nyuma ukuta ambao Fundi Rangi aliupaka bure ili asinyimwe nafasi ya kuegemea. Asubuhi hiyo Fundi alikuja na fomu ya kuandikisha mtoto, imekunjwa mfukoni. Ilitakiwa irudi zahanati kabla ya saa sita, na karani alikwisha kumwonya: jina likishaingia kitabuni halifutiki.

Binti yake alikuwa na siku nane. Mkewe alitaka aitwe Samawati. Jina hilo alitoka nalo wodini, alikolazwa wiki sita kabla ya kujifungua, amekatazwa hata kuketi, mimba isije ikaharibika. Fundi hakulipenda. Alikuwa na jina la shangazi yake aliyemlea, jina zito la watu wazima, na njiani alishaanza kujizoeza uongo: atasema karani ndiye aliyekosea.

— Watasema nimelisoma kwenye kopo, alilalamika. Baba fundi rangi, mtoto Samawati. Wa pili nitamwita nani, Vanishi?

Kamusi, karani mstaafu aliyebandikwa jina hilo kwa kuwa hakuna neno aliloshindwa kulitolea maana, alikohoa kwanza. Akaeleza kwamba samawati ni rangi ya mbingu iliyotakata, na kwamba mtu hukua akilifuata jina lake. Kwa hiyo mtoto huyo atakuwa mrefu.

— Mrefu kiasi gani? aliuliza kinyozi, ambaye kijiweni waliishia kumwita Mkasi.

— Anza kuinua milango.

Mkasi alikuwa na hofu nyingine kabisa.

— Mbingu haina msimamo, ndugu yangu. Siku ya mawingu utamwita nani? Na jua likizama, umwite Nyekundu?

— Mwacheni, alisema muuza kahawa. Jina zuri. Ukilitamka mdomo unapumzika.

— Usilisifu, dada, alidakia Mkasi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

— Methali hiyo inahusu nini hapa?

— Maji. Na rangi isiyotiwa maji haipakiki.

Kuanzia hapo wakapotea njia. Mkasi alisema wenye majina ya baridi hawaishiwi mafua. Anaye mteja wa namna hiyo, hupiga chafya hata wembe ukiwa shingoni. Kamusi akatangaza kwamba rangi za angani hupauka, na binti akifika miaka thelathini atakuwa amebaki Nyeupe. Hilo Fundi hakulivumilia. Alisema rangi inayopauka ni kazi ya fundi mbovu, na mwanawe hatapauka, wasikie wote. Muuza kahawa alimwongezea kikombe bila kuombwa. Lakini Kamusi alimshika bega, akamkumbusha kuwa mkewe atakasirika, ila hasira za mwanamke mzazi hazifiki mwezi, na samaki mkunje angali mbichi. Aandike la shangazi, yaishe. Akamwazima na kalamu.

Fundi alikunjua fomu juu ya paja. Pembeni alisimama mwanamke mgeni mwenye chupa, akisubiri kahawa ya kupeleka kazini. Alikuwa ameyasikia yote, hata habari za wodini alizosimulia Fundi.

— Samahani, kaka. Hizo wiki sita alizolala chali, alikuwa akitazama nini?

Fundi hakuwahi kuingia humo wodini. Kila siku alipeleka uji, ila wanaume waliishia mlangoni. Muuguzi alipokea chombo na kukirudisha kitupu. Fundi alimtazama Kamusi, Kamusi akaitazama kalamu. Yule mwanamke akafunga chupa yake, akashukuru, akaenda zake.

Kilichomchoma Fundi ni kwamba hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kwa kila mteja. Hakuwahi kumchanganyia mtu rangi kabla ya kumwuliza atakuwa ameketi wapi, au amelala vipi, akiitazama. Miaka kumi na minne ya kazi hakulisahau hata mara moja. Nyumbani kwake hakuliuliza.

Aliinuka, akaacha kahawa nusu. Alimkuta mkewe ananyonyesha, akamwuliza hapo hapo, kabla hajavua viatu.

— Dirisha, alisema mkewe. Lilikuwa juu sana, sikuona paa wala mti. Alfajiri linakuwa jeusi, halafu kijivu, halafu taratibu linageuka samawati. Basi namwambia huyu tumboni: mwanangu, tumeipata siku nyingine.

Fundi aliweka fomu juu ya sinia, akaandika kwa herufi kubwa, kila herufi akaipitia mara mbili, kama anayepaka mkono wa pili. Kisha akakimbia, maana saa sita ilikuwa imekaribia.

Kati ya hao, Kamusi na Mkasi wameshatangulia mbele ya haki. Muuza kahawa yu hai, ila macho yamepungua nguvu. Yule mwanamke mwenye chupa hakuna aliyemfahamu, kwa hiyo habari zake hatuzijui. Fundi yu hai, ingawa hapandi tena ngazi, na mkewe yu hai. Samawati yu hai. Mwezi uliopita alitimiza miaka thelathini na mmoja.