Mlango wa Nyuma wa Hekalu

FUNDI VIATU: Haloo? Nani mwenzangu?

BINTI: Mimi, fundi. Binti wa kuhani. Za kazi?

FUNDI VIATU: Salama, dada. Mbona unanong'ona? Mzee ameamkaje?

BINTI: Bado yuko kitandani. Uko wapi sasa hivi?

FUNDI VIATU: Kibandani. Kuna kiatu hapa kimeshakufa, mwenyewe anataka kifufuke leo leo. Nikimaliza naoga, naja hapo hekaluni kwenu kupiga kengele ya jioni.

BINTI: Usije.

FUNDI VIATU: Mtandao unakwaruza. Umesema—

BINTI: Usije. Kaka mkubwa amejaza watu uani. Tangu baba atamke kwamba wewe ndiye utakayerithi ukuhani wake, nyumba hii haikaliki.

FUNDI VIATU: Mtoto wa mshona ngozi, kuhani. Hata mimi nilimwomba mzee aniache na gundi yangu.

BINTI: Akakujibuje?

FUNDI VIATU: Kwamba sisi Wahindu tumesahau maandiko yetu. Kwamba mtu hazaliwi Brahmini, wa tabaka la makuhani, matendo yake ndiyo—

BINTI: —na asiyeweza kumgeuza baba yake kitandani si kuhani. Baba alisema hivyo wewe ukimgeuza, na kaka amesimama pale pale.

FUNDI VIATU: Lakini kaka yako amelainika, dada. Amenipigia mchana, ananiita ndugu yangu. Anataka nije peke yangu, nipitie mlango wa nyuma, tuyamalize.

BINTI: Mlango wa nyuma?

FUNDI VIATU: Ndiyo.

BINTI: Ule aliupigia misumari kwa mkono wake, ili wewe usipite. Leo nimemkuta anaing'oa. Akaniambia nimhamishie baba chumba cha mbele, asisumbuliwe na kelele.

FUNDI VIATU: Kelele gani?

BINTI: Sikuuliza.

FUNDI VIATU: Mzee anajua?

BINTI: Anasubiri kengele yako. Bila hiyo hagusi chakula. Kila mara, “Mwanangu amefika?” Na kaka anasikia.

FUNDI VIATU: Naogopa, dada, sikufichi.

BINTI: Basi kaa huko huko.

FUNDI VIATU: Nikikaa, mzee ataambiwa alichagua mwoga. Nitapita mbele, langoni, watu wa barabarani wakiniona.

BINTI: Lango lina kufuli.

FUNDI VIATU: Na ufunguo?

BINTI: Ninao kiunoni. Nitakufungulia mi— [mlango unalia] Naam, kaka? Naongea na shangazi. Ndiyo. Haya. [nyayo zinaondoka]

FUNDI VIATU: Dada?

BINTI: Ameondoka.

FUNDI VIATU: Amesikia?

BINTI: Ametabasamu tu. Sikiliza, salio linakata. Ukikuta lango liko wazi, ingia moja kwa moja hadi kwa baba, usigeuke nyuma.

FUNDI VIATU: Nikikuta limefungwa je?

BINTI: Basi ufunguo amenipokonya. Usibishe hodi. Usiniite. Rudi tu ulikotoka, na—

FUNDI VIATU: Na wewe je? Haloo? Dada? Haloo?