Rappel Iko na Maana Mbili

Batata na bamama, munipatie masikio kidogo. Munanijua juu ya gitare yenye minapiga mu chorale ya kanisa yetu. Leo gitare imebaki pa kiti. Minasimama na kosa, na minawaomba musiniambie pole mbele nimalize.

Kazi yangu ni informatique, kutengeneza programme za ordinateur. Pa centre de santé moja, kituo ya afya, ya hapa Kolwezi nilitengeneza programme ya chanjo ya batoto. Kiisha tukaongeza agent: ni mashine yenye unaandikia sawa vile unaongea na muntu, nayo inachagua outil, ni kusema chombo ya kazi, mu programme na kufanya kazi. Lakini musikie muzuri. Hiyo mashine haijue bamama yetu, haijue mazoea yetu. Inajua paka maneno tu yenye umeandika chini ya kila outil.

Kulikuwa outil moja, jina yake "rappel". Ilikuwa ya kuandika mu fiche, karatasi ya mutoto ndani ya mashine, kama mutoto amekwisha kupata shindano ya pili ya surua, juu sisi ile shindano tunaiita rappel. Chini yake niliandika: "Rappel ya mutoto." Basi. Nilikuwa na haraka, na niseme kweli, nilikuwa na kiburi. Nilijisemea, nani hapa hajue rappel ni nini?

Siku moja mama infirmière, muuguzi wa pale, akaandikia mashine: "Fanya rappel kwa bamama ya mutaa ya Musonoi benye batoto yabo habajapata shindano ya pili." Yeye alitaka bakumbushwe kwa message. Hiyo pia ni rappel, munajua Kifaransa yetu. Mashine ikaona outil yenye jina ile ile, ikaandika batoto bote ya ile liste kama bamekwisha kupata. Hakuna message hata moja yenye ilitoka.

Mama moja hakungoja message. Alitoka Musonoi kwa miguu, mutoto wake mwanamuke mu mugongo, carte ya chanjo mu mukono. Pa réception bakaangalia écran ya mashine, bakamwambia, "Mama, huyu amekwisha kupata." Akasema, "Hapana, hajapata, angalieni carte." Bakajibu kama ni carte njo ilisahauliwa kuandikwa, mashine haisahau. Akarudi.

Kiisha juma tatu mutoto akaletwa na surua. Hakufa. Lakini jicho ya kushoto haione tena.

Haya yangu kubwa iko hapa. Ile fiche ya mutoto ilikuwa na jina ya mama infirmière, juu ni yeye alituma mashine. Docteur, mukubwa wa centre, akasema ameandika shindano ya bongo, yenye haikupigwa, akamusimamisha kazi. Mi nilikuwa nimekwisha kusoma historique ya mashine, kule inaandika kila kitu yenye imefanya. Nilijua kosa ni ya ule mustari wangu, "Rappel ya mutoto." Docteur akaniuliza, nikajibu, "Programme iko muzuri." Bandugu, minawaambia, mwezi muzima niliimba hapa mbele yenu na ile jibu mu tumbo.

Siku moja mama infirmière akanikuta pa soko. Nilifikiri amekuya kunishitaki. Akasema pole pole, "Tata, weye unajua mashine. Unionyeshe pale nilikosea, nisirudie tena."

Alifikiri ni yeye. Nikamwambia, "Mama, ni mi."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akageuka, akaenda. Kesho yake nikapeleka historique kwa docteur. Mama infirmière akarudishwa mu kazi, mi nikapewa blâme, onyo ya kuandikwa, na nilistahili zaidi. Batoto bengine ya ile liste tulibatafuta nyumba kwa nyumba mupaka bote bakapata.

Kiisha mama infirmière akaniambia tusome maneno ya kila outil pamoja. Alisoma sawa muntu mugeni, akiniuliza: hii inafanya nini? Haifanye nini? Rappel tukaipasua mbili. Moja sasa inasema: "Tumia paka kiisha infirmier kupiga mutoto shindano. Haitume message." Ingine ni ya kukumbusha tu.

Nikaenda Musonoi kwa ule mama, nikamwambia yote. Hakusema ananiachilia. Alisema, "Unisomee vile umeandika sasa." Nikasoma. Mutoto alikuwa mu magoti yake, akigeuza kichwa kizima ili anione. Mama akauliza, "Na kama mashine inasema amepata, na mama yake anasema hapana?"

Sikuwa nimeandika kitu juu ya ile.

"Andika," akasema. Nikaandika pale pale: "Kama mama anasema mutoto hajapata, usimurudishe. Ita infirmier."

Mama infirmière, asante, ulinifundisha kazi yenye nilifikiri minajua. Docteur, asante, hukunifukuza. Na benye munaandika, ikuwe kwa mashine ao kwa muntu, muandike sawa yenye atasoma hana muntu wa kuuliza.

Minajua sasa mutataka kuniombea. Musianze na mi. Muanze na ile jicho.