Nilivyoshindwa na Duka Langu la Ushonaji

Asalaam aleikum. Wakubwa zangu, shikamooni. Mwenyekiti wetu wa kikundi ameniomba nizungumze na hawa wanaotaka mkopo wa kufungua biashara zao, nami nimekubali kabla sijafikiri vizuri. Huo ndio ugonjwa wenyewe nitakaowaeleza. Nikiinamisha kichwa msinishangae, naona haya.

Wengi mnanijua kwa kushona. Nilikaa miaka mingi Kilindoni kwenye duka la fundi mmoja, mtu mzima kuliko mimi. Kazi yangu ilikuwa kukata na kushona. Yeye alikaa mbele na futi shingoni, akipokea wateja, na nusu ya siku nilimsikia akiwarudisha: "Sina nafasi, mpelekee mwingine." Moyoni nikasema huyu hafanyi kitu, mimi ndiye ninayemlisha. Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilimdharau. Nikaaga, nikarudi hapa Kirongwe, nikanunua cherehani, nikalipaka duka rangi ya samawati. Sikumuuliza mtu kama ninafaa. Mikono yangu ilikuwa mizuri, nikadhani inatosha.

Sasa hapa Kirongwe nani si ndugu yangu? Anayeingia na kitambaa ni shangazi, anayemfuata ni mkwe, wa tatu alituuguzia mama. Nami ulimi wangu ulijua neno moja tu. "Ijumaa itakuwa tayari?" Inshaallah. "Na hii ya binti?" Inshaallah. Namwomba Mungu msamaha, maana nilijua kabisa haiwezekani, nikalitumia jina lake kufunika uongo wangu. Vitambaa vikajaa mpaka kwenye kitanda cha watoto. Mnacheka. Chekeni, mlikuwa mnaleta wenyewe.

Halafu akaja mama mmoja wa madrasa. Wazazi walikuwa wamechangishana kununua kitambaa cha kijani, gauni za sare kwa mabinti watakaosoma kasida siku ya Maulidi. Nikapokea. Alipokuja kuuliza, nikamwambia zimeshakatwa. Alipokuja tena, nikamwambia zimeshonwa, zimebaki vifungo tu. Yule mama akaenda dukani, akanunua vifungo mwenyewe, akaniletea kwenye kifuko ili anipunguzie kazi. Nikavipokea, nikamshukuru.

Siku moja kabla ya Maulidi, asubuhi, nikasikia sauti yake na za mabinti njiani. Nikafunga mlango kwa ndani, nikakaa chini nyuma ya meza. Mimi, baba wa watoto watatu. Akabisha, kisha akasema taratibu, "Fundi, najua umo. Kama hazijaisha tupe hivyo hivyo, tutamalizia kwa mkono." Nikafungua. Nikampa furushi, naye akalifungua palepale barazani. Lilikuwa jora zima, na karatasi ya dukani bado imebandikwa. Mkasi haujaligusa. Hakunitukana. Alilikunja upya, akawaambia mabinti, "Haya, twendeni." Kesho yake walisoma kasida na nguo zao za kila siku, kila mmoja rangi yake, na nyote mliona.

Mimi sikuwepo. Niliacha hata kwenda msikitini, nikawa nasali nyumbani na kupita kwenye mikorosho nisikutane na mtu. Mke wangu alivumilia mpaka akachoka. Akaniambia, "Huna kosa la sindano, una kosa la mdomo. Rudi kwa fundi wako." Niliumia, kwa sababu nilitaka kuitwa mwenye duka. Vitambaa vya watu alivirudisha yeye, mlango kwa mlango, na maneno yote yaliyokuwa yangu akayapokea yeye.

Kilindoni nilimwamkia yule fundi. Akajibu, "Marahaba. Kiti chako kile pale. Ila wateja ni wangu." Mchana ule ule akaja jamaa yake wa damu, mzee wa heshima, anataka kanzu ya haraka. Fundi akamkatalia kwa upole, usoni kabisa. Mzee akaondoka amenuna. Hapo ndipo nilipoelewa kazi aliyokuwa akiifanya miaka yote nikimwona amekaa. Kila nguo niliyowahi kumaliza kwa wakati ilimalizika kwa sababu yeye alikuwa amekataa nyingine. Nililia juu ya suruali ya mtu.

Hivi sasa nashona kwake, na nguo zinatoka siku iliyosemwa. Sina duka, na nalala. Basi nyinyi mnaosubiri mkopo, msijiulize tu kama mnajua kupika au kushona. Jiulizeni kama mnaweza kumwambia shangazi hapana, mkamtazama machoni. Anayeweza na afungue, nitakuja kununua. Asiyeweza asione haya kufanya kazi kwa mtu. Haya yangu mimi haikutoka huko.

Namshukuru yule fundi aliyenipokea bila kunisimanga. Namshukuru mke wangu kwa ile safari ya mlango kwa mlango. Nanyi wanakikundi, hamkunifuta jina, ahsanteni.

Limebaki moja. Yule mama wa madrasa yumo humu ndani, simtaji. Kila nikimwona njiani nimekuwa nikivuka upande wa pili, mpaka leo. Mama, wale mabinti walikusubiri wewe, nawe ulinisubiri mimi, nami nilijua tangu siku ya kwanza kwamba sitashona. Niwie radhi.