Neno Dawa kwenye Ukuta wa Jiko

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Mkuu wa Shule na walimu wangu. Wazazi na walezi mliotoka Nyegezi, Kisesa na hata ng'ambo ya Busisi. Wahitimu wenzangu. Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za asubuhi.

Mimi ni Sabina Ndalahwa wa kidato cha nne. Nimeombwa kueleza kazi ya klabu yetu ya sayansi kuhusu mtama mwekundu, ile iliyotupatia cheti mwaka jana. Nitaieleza, na nitaeleza pia kosa lake, kwa sababu kosa hilo ni langu.

Ule ukakasi unaokaza ulimi ukinywa uji wa mtama mwekundu unatokana na polifenoli, kemikali ambazo mmea hujitengenezea ili kujilinda. Zimo pia kwenye zambarau, maharage na mboga za majani. Mwalimu Awuor alitufundisha kwamba wataalamu bado wanazichunguza, kwa kuwa huenda zikasaidia kuzuia saratani ya utumbo kwa mtu anayekula vyakula vya mimea kwa miaka mingi. Neno "huenda" alilipigia mstari ubaoni. Uji huo ukaingia kwenye ratiba ya jiko la shule, kila Ijumaa. Mwenzetu Queen alisema tunakunywa matofali yaliyoyeyuka, kisha akaomba aongezewe.

Likizo ya Desemba nilikwenda Bujora kwa bibi yangu, Odeta, aliyenilea peke yake tangu nikiwa na miaka miwili. Nilitaka ajivunie mtama wake. Nikamweleza kwa Kisukuma, nikafika kwenye neno "kinga", nikakwama, maana Kisukuma changu ni cha jikoni na shambani. Nikasema "bugota", yaani dawa.

Bibi akaniuliza taratibu, "Na kama tumbo linauma tayari?"

Nilikuwa nachambua mboga. Sikuinua hata uso. Nikamjibu, "Wewe kunywa tu, bibi."

Ni nani kati yetu hajawahi kumjibu mzee hivyo?

Alikunywa asubuhi na jioni. Hakumwambia mtu kwamba anaona damu chooni, kwa kuwa aliona aibu, na kwa kuwa dawa alikuwa nayo, ameletewa na mjukuu msomi. Juni nilipomkuta, gauni lake la kanisani lilikuwa linamvuka mabegani. Akanifariji mimi: "Dawa yako ni nzuri, mjukuu wangu, ila inachelewa." Nikampeleka hospitali. Daktari alisema ni saratani ya utumbo mpana, na kwamba Januari ingekuwa rahisi zaidi kuitibu. Alisema pia kwamba hatujachelewa kabisa. Maneno hayo ndiyo ninayolala nayo. Atapasuliwa Jumatatu.

Kiti kimoja cha wazazi kwenye mstari wa tatu, alichowekewa bibi kwa jina langu, kiko wazi tangu asubuhi. Nimeulizwa kama kiondolewe; nimeomba kiachwe. Wenzangu wakitembelewa Jumamosi, mimi huenda nyuma ya jiko, mahali ambapo mwaka jana niliandika ukutani kwa mkono wangu, kwa rangi nyekundu: UJI WA MTAMA NI DAWA. Husimama pale peke yangu, nikiyasoma maneno hayo.

Mkuu wa Shule, naomba ruhusa yako mbele ya hadhara hii. Brashi ninayo. Nataka nifute "dawa" niandike "chakula", na chini yake, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma nitakachosahihishiwa kwanza: ukiona damu, nenda hospitali. Uji uendelee kupikwa kila Ijumaa. Wazazi wetu, msiuache mtama mwekundu kwa ajili ya weupe wa sembe. Ila mzee akikuuliza swali, weka mboga chini, mtazame.

Nawashukuru walimu wangu, hasa Mwalimu Awuor, kwa lile "huenda" ambalo sikulifikisha nyumbani. Jumatatu nimeruhusiwa kwenda hospitali kabla bibi hajaingizwa chumba cha upasuaji. Nitamwomba aniulize tena swali lake.

Asanteni kwa kunisikiliza leo jinsi nilivyopaswa kumsikiliza yeye.