Mzee Taratibu na Kisahani cha Simu ya Majaribio

Baada ya miaka thelathini na minane, miezi mitatu na siku kumi na nne, fundi mkuu wa karakana yetu ya simu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Kwenye karatasi za ofisi ana jina lake kamili. Sisi wengine tunamjua kama Mzee Taratibu.

Jina hilo alipewa na wapanda nguzo wenzake mwaka wake wa kwanza kazini. Wao walikuwa wameshapanda, wameunga waya na kushuka, yeye bado yuko chini anakagua mkanda wake wa kiunoni. Walimcheka sana. Lakini kwa miaka kumi na mmoja hakuanguka hata mara moja, na aliyemcheka kuliko wote alivunjika mguu mara mbili.

Baadaye alihamishiwa karakana, ambako amefundisha mafundi ishirini na sita. Mmoja wao ni meneja wetu wa ufundi, ambaye anakiri kwamba aliwahi kurudishwa kufungua na kufunga skrubu ileile mara tisa.

Mapenzi yake ya kukusanya simu za zamani yalianza na simu moja nyeusi, nzito kama tofali, iliyokuwa itupwe ofisi ilipobadilisha simu zote. Aliiomba, akapewa. Leo nyumbani kwake zipo sitini na moja: za mezani, za ukutani, nyingine za kuzungusha mpini. Mkewe, anayezipangusa vumbi kila wiki, alitulalamikia huku akicheka: "Nyumba ina simu sitini na moja, na mimi nikimpigia naambiwa hapatikani!"

Hata hivyo, simu aliyoipenda kuliko zote haikuwa yake. Ilikuwa kwenye kabati la karakana. Zamani kiwanda kilituletea simu saba za majaribio, za muundo ambao haukuwahi kuingia sokoni. Sita zilirudishwa. Ya saba ilibaki kwa sababu siku gari lilipozifuata, ilikuwa imefunguliwa vipande vipande. Mzee Taratibu aliiunganisha kidogo kidogo kwa miaka, huku kisahani chake cha kuzungushia namba, ambacho hakina mwenzake popote, kikisubiri zamu stoo, kwenye boksi la viatu. Alijiwekea ahadi: hastaafu kabla hajampigia mtu kwa simu hiyo.

Februari mwaka huu nusura ahadi hiyo ivunjike. Stoo ilikuwa ikisafishwa, na karani wa stoo, ambaye ndiye anayeandika wasifu huu, alifuata utaratibu kama ulivyo: kila kisicho na namba ya stoo kiandikwe chakavu. Kifaa cha majaribio hakina namba, kwa kuwa hakijawahi kuorodheshwa. Karani alitambua kwamba boksi la kisahani nalo ameliandika chakavu Alhamisi tarehe 9, saa nne asubuhi, lori la chakavu likiwa limeshaondoka nalo.

Mzee hakupaza sauti. Alisema tu, "Haya, mwanangu, tafuta viatu vya kazi." Jumamosi tatu mfululizo wawili hao walipekua yadi ya vyuma chakavu. Mwenye yadi akawa anawatania: "Watu wa simu mmerudi? Si mkipigie tu hicho kisahani kiwaambie kiko wapi!"

Tarehe 25 kilionekana chini ya rundo la feni, ukingo umepinda na springi imekatika. Karani alianza kuomba radhi kwa mara ya kumi. Mzee akamkatiza: "Kipo au hakipo? Kipo. Basi zuia hizo feni zisituangukie."

Springi aliitengeneza mwenyewe kutoka kwenye saa ya mezani iliyokufa. Ya kwanza ilikuwa ngumu mno, ya pili ikalegea, ya tano ikakubali. Jumatano tarehe 14 Juni aliunga simu kwenye laini ya ndani, akazungusha namba ya mapokezi. Karakana nzima ilisimamisha kazi.

"Nani mwenzangu?" dada wa mapokezi aliuliza. "Mbona unasikika vizuri hivyo, uko wapi?"

Mzee akajibu, "Niko kazini, binti yangu. Bado wiki mbili."

Uongozi uliamua kumpa simu hiyo iwe zawadi yake ya kuagwa. Alishukuru, kisha akaikataa. Aliomba badala yake iingizwe kwenye daftari la stoo, ipewe namba, na ibaki karakana ili mafundi wajao waifungue na kuifunga. Karani ameiandika kwa mkono wake mwenyewe tarehe 27 Juni. Kwenye safu ya hali ya kifaa ameandika: nzima.

Mzee wetu, asante kwa kazi yako, kwa subira yako, na kwa kutomwaibisha mtu aliyekosea. Simu iko salama. Nenda kwa amani, ukae vizuri na mama na watoto, na maisha yako kuanzia Jumamosi yawe marefu na mema.