Mama Inategemea na Mgonjwa Ambaye Hakunikabidhi

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mtaalamu wetu wa lishe, ambaye hospitali nzima inamwita Mama Inategemea, anastaafu. Kamati ya sherehe imenipa mimi, msaidizi wake na mrithi wa chumba chake, jukumu la kueleza kazi aliyoifanya. Nimelipokea kwa heshima. Tatizo ni kwamba nimekaa naye miaka tisa na bado sina hakika kama nimeielewa, na tangu sasa wagonjwa wake ni wangu.

Alianza jikoni. Aliajiriwa na cheti cha lishe, akakabidhiwa mizani na kazi ya kupima sahani za wodini: wenye kisukari hivi, wenye figo vile. Ugonjwa mmoja, sahani moja, mambo shwari. Wakongwe wanasema ni yeye aliyeuvuruga utaratibu huo, alipomuuliza mpishi mkuu kwa nini watu wawili wenye ugonjwa uleule hula sahani ileile, mmoja akapata nafuu na mwingine akarudi wodini. Mpishi alijibu kwamba yeye anapika tu. Basi akaomba ruhusa, akaenda chuo kikuu, akarudi na shahada ya pili ya lishe inayopangwa kwa mtu mmoja mmoja.

Mkurugenzi wa wakati huo alitarajia atarudi na mashine, hata akamtengea kona yenye soketi mbili. Mama akarudi na maswali. Vipimo vya damu alivisoma kwa makini, na vile vidude vya kubandika mkononi vinavyofuatilia sukari mchana kutwa ni yeye aliyetufundisha kuvitumia. Lakini akishamaliza na damu, ndipo anaanza: unalala vipi, nani anapika, unakula na nani, unakula umeketi au umesimama? Ukimuuliza kama mayai yanafaa, inategemea. Wali? Inategemea. Watu walitoka pale wamenuna, na siku ya miadi ikifika, wao ndio wa kwanza kwenye benchi.

Kisa cha mapacha lazima nikiseme. Dada wawili wa kufanana, nyumba moja, sufuria moja, sukari imewapanda wote. Mmoja aliambiwa apunguze wali, viazi vyake havina neno. Mwenzake akaambiwa kinyume kabisa. Walipofika nyumbani wakalinganisha, wakaona mama wa watu amechoka, kawachanganya, basi wakabadilishana sahani ili kumsaidia. Sukari ikapaa kwa wote wawili. Wakarudi na shangazi yao, mwanamke wa maneno mengi, aliyekuja kumtoa mtu kazini. Mama Inategemea hakubishana. Aliwabandika vidude, akawapa bakuli sawasawa za wali, tukakaa kusubiri. Sukari ya mmoja ikapanda kwa kasi, ya mwingine ikajikalia. Shangazi alitazama, kisha akaomba naye apimwe. Mimi nilikuwepo, niliona kwa macho yangu, na usiku nililala chali nikijiuliza nilichosomea ni nini.

Hata sherehe hii imetutoa jasho. Mwenyekiti wa kamati alipouliza tupike nini, dereva alisema yeye kakatazwa maharage jioni. Bibi wa kufulia akasema ajabu, yeye kaambiwa ayale jioni hasa. Mlinzi anatakiwa ale kabla ya zamu tu, mhasibu hatakiwi kula huku anatazama kompyuta. Jamani, mwenyekiti alishika kichwa. Tumekubaliana kila mtu aje na bakuli lake.

Sasa niseme la chakula cha mchana. Chumba chake kina madirisha mawili na feni. Changu ni stoo ya zamani ya mashuka, meza moja na viti viwili, ukivuta droo mwenzako ainuke. Hata hivyo, kwa miaka mitatu, kila mchana aliingia kwangu na bakuli lake, akalalamika kwamba kwake kuna kelele, akaketi. Nami ikabidi niketi, kwani ningekulaje nimemsimamia mama mtu mzima? Tulizungumza habari za wagonjwa, wajukuu wake na mpira. Wauguzi walidhani anakimbia simu. Mimi nilidhani ananifundisha kazi.

Wiki chache zilizopita alinikabidhi wagonjwa wake, mmoja baada ya mwingine, ana kwa ana. Mwishoni akasema amebaki mmoja, ila huyo hanipi, ameshamtafutia mtu. Nikamuuliza nimekosa nini. Akasema sijakosa kitu, lakini huyo mimi siwezi kumtibu. Iliniuma, sifichi. Miaka tisa, halafu nafichwa mgonjwa!

Jumatatu iliyopita alianza likizo yake ya mwisho. Mchana ulipofika nikafungua mkate wangu, nikauma nimeegemea kabati. Mlango ukafunguliwa. Akaingia dada yetu mfamasia na bakuli lake, akasema kule kwake kuna kelele, akaketi. Duka la dawa la hospitali yetu mnalijua, ni kimya hadi unasikia vidonge vikihesabiwa. Nilibaki nimesimama na mkate mdomoni, sielewi mbele wala nyuma. Kisha nikakumbuka miaka mitatu iliyopita: nimetoka kumzika mke wangu, suruali zinanivuka, chakula changu ni mkate wa kula nimesimama, na hakuna aliyeniuliza kitu. Nilivuta kiti. Mfamasia akajifanya hanioni nikifuta macho.

Mama, kwa niaba ya wote uliowapangia sahani zao, asante sana. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na wajukuu wanaosikia. Uje hata siku moja moja utuchanganye tena. Wagonjwa wako nitawauliza maswali yako yote, na nikikwama nitasema inategemea.

Na yule mmoja usimhofie. Anakula ameketi.