Nilichukia Jasho ya Rafiki Yangu

Wandugu, bamama na bapapa, salamu yenu nyote. Mama mukubwa wa shirika letu la sala aliniomba nisimame hapa niseme namna Mungu aliniponesha muguu. Muguu nitaigusia. Lakini ugonjwa yenye iliniangusha kabisa ilikuwa wivu, na leo nataka kuongea ile.

Munanijua. Mimi njo yule mama wa vilalo, mwenye kujenga madaraja. Wengine wenu mulinionaka kule Bihambwe na kofia ya shantie, kofia ngumu ya ujenzi, na mabuti, napima mawe na simenti, wanaume wakiniuliza kama bwana yangu anajua niko wapi. Kazi ya enjeniere ni ile: mutu anavuka kilalo na muzigo yake bila kuwaza kitu, juu kuko mwingine aliyewaza mbele yake. Na asubuhi, mbele ya kazi, nilikuwa nakimbia. Hapa Kashebere batu walikuwa wanaulizana, "Huyu mama anakimbia nini? Kuko vita?" Kisha wakazoea. Nilikuwa nakimbia mbali sana, mpaka kichwa inakuwa mwepesi. Hesabu yenye ilinikatalia ku meza, ilikuwa inakubali ku njia.

Nilikuwa na rafiki mumoja wa kukimbia naye. Alitoka upande wa Butembo, yeye na bwana yake wana duka ya chumvi na sabuni hapa barabarani. Iko ndani ya nyumba hii, amekaa, sitamutaja. Mimi njo nilimufundisha kupumua ku mulima, na kushuka bila kuumiza magoti. Siku za kwanza alikuwa anasimama kila kona, anashika mbavu, anasema, "Dada, wewe enda, mimi nitakufia hapa." Nilikuwa namungojea. Nawaambia kweli, kumungojea ilikuwa inanipendeza, juu nilikuwa mbele.

Kisha pikipiki iliteleza. Nilikuwa natoka Rubaya, siku ya mvua, pale njia inakuwa sawa sabuni, na pikipiki ikaangukia muguu yangu. Wabebaji wa mawe ya koltani walishusha mizigo yao ku matope, wakaniinua. Mufupa ilikuwa imevunjika chini ya goti. Ku hospitali walinitia platre ngumu ku muguu, na daktari akasema kutembea nitatembea, lakini mbio, tutaona. Nilirudi nyumbani na ile "tutaona".

Rafiki yangu alikuwa anakuja kunisalimia kila asubuhi, moja kwa moja kutoka mbio, nguo imeshikana ku mugongo. Alikuwa ananiletea maziwa ao mikate, anakaa, ananieleza njia ilikuwa namna gani. Na mimi, wandugu, nilichukia ile jasho. Nilikuwa naangalia udongo ku viatu vyake, nasema ndani ya roho: udongo ile ni yangu. Ule mulima, mimi njo nilimuonesha. Siku moja akaniambia, na furaha yote, "Dada, leo nimefika juu bila kusimama." Nikamujibu, "Ni vizuri." Alipotoka, maziwa yake nikamupa mbwa.

Wivu inakula mutu polepole. Bwana yangu akitoka ku kitanda mpaka ku mulango, namuonea wivu. Mbuzi ya jirani ikiruka mufereji, naonea mbuzi wivu. Munacheka. Chekeni, lakini mimi siku zile sikucheka.

Basi asubuhi moja aliingia na jasho yake, na mbele hajakaa nikamwambia, "Usikuje tena hapa vile. Unakuja kunionesha nini? Kama uko na miguu?"

Akaweka mikate ku meza. "Nimesikia, dada," akasema, akaenda.

Nilifikiri amemalizana na mimi. Kesho yake alikuja, amechelewa, ameoga, amefunga kikwembe ya kwenda misa. Aliongea bei ya chumvi, aliongea kikohozi ya mutoto wake, aliongea yote, lakini njia hapana. Siku yenye kufuata, vile vile. Na hapo njo niliumia zaidi. Nilikuwa nimefukuza jasho, na habari ya njia ilitoka nayo.

Nikashindwa. "Unakimbiaka bado?"

"Ndiyo, dada."

"Unafikaka ku kilalo yangu?"

"Nafika."

"Maji iko namna gani?"

Aliniangalia kwanza, sawa mutu anayepita karibu na mbwa asiyoijua. "Imepanda sana. Na upande wa huku, mbele ya kuingia ku kilalo, nikikanyaga, chini inalia sawa ngoma. Zamani haikuwa inalia."

Kilalo ile mimi njo niliisimamia ikijengwa, na makamio yote, magari makubwa ya mizigo ya kwenda Walikale, inapita pale. Ngoma inalia juu ya nini? Ndani yake hamuna kitu. Nikajua maji imekula udongo nyuma ya ukuta yenye kushika kilalo, barabara imebaki juu sawa ngozi ya ngoma.

Nilimwambia rafiki yangu, "Kimbia. Simamisha makamio." Bwana yangu akaita vijana wa shirika, wakanibeba ku tipoyi. Nilikuwa juu ya mabega yao wakati nilimuona rafiki yangu anapotea mbele, mbio yake nzuri, mwepesi. Wivu ikarudi. Nikasema, "Mungu, niko na wivu, unaiona. Unifikishe tu." Ilikuwa mara ya kwanza kuisema na kinywa changu. Wale wanaonibeba walisikia.

Tulikuta kamio imejaa mizigo, shofere anagombana na rafiki yangu.

"Mama, wewe unauza chumvi. Unajua nini ya vilalo?"

Alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono wazi, anahema. "Sijui kitu. Mwenye kujua anakuja."

Walinishusha. Nikajikokota na platre yangu, nikaomba chuma, nikagonga ile udongo. Chuma iliingia mpaka mukono yangu ikagusa chini. Shofere aliangalia, akapanda kamio yake, akarudi nyuma polepole.

Kazi ya kutengeneza niliisimamia nikikaa ku jiwe, muguu mbele yangu, vijana wanajaza mawe ndani ya vikapu vya waya. Hamu ya kula, yenye ilinipotea ku kitanda, ilirudi pale. Na asubuhi moja rafiki yangu alikuja toka mbio, akasimama mbali kidogo. Nikamwambia, "Kuja ukae." Akakaa, ameloa jasho kabisa.

"Nilikuonea wivu," nikamwambia. "Hata sasa."

"Dada, na mimi? Miaka yote ile nilikuwa naangalia mugongo yako tu. Unafikiri nilikuwa naimba?"

Tulicheka mpaka waashi wakageuka.

Leo nakimbia. Si kama zamani. Namushukuru Mungu, na wale wabebaji wa Rubaya nisiojua majina yao, na daktari, na bwana yangu, na ninyi mulionibeba. Na yule aliyerudi nyumbani kwangu kisha ya kufukuzwa, asante, dada. Kwa wengine nasema hii: ukiwa na wivu, usiifungie ndani mpaka ioze. Umuambie mwenyewe unayemuonea, hata kama utaisema vibaya kama mimi, kisha utafute kazi ya mikono yako.

Musifikiri imeisha. Jana asubuhi alinipita tena ku mulima, hata hakuhema. Ilinichoma kweli. Nikaongeza mwendo.